Leo Fender baada ya Fender: magitaa yasiyobeba jina la fundi wake

Mtu asiyeijua historia ya magitaa ya umeme akikuta mawili yametundikwa ukutani dukani, moja limeandikwa Fender kichwani na jingine limeandikwa G&L, ataamua mara moja kwamba la pili ni mwigo wa la kwanza. Miili yao inafanana mno, shingo zote mbili zimefungwa kwa skrubu badala ya kugandishwa kwa gundi, na funguo za kukazia nyuzi zimepangwa upande mmoja wa kichwa. Ukweli ni kwamba magitaa yote mawili yana asili kwa mtu mmoja, Leo Fender, na lile linaloonekana kuwa mwigo ndilo alilolishughulikia kwa mikono yake katika miaka takriban 12 ya mwisho ya uhai wake, wakati lile lenye jina lake lilikuwa likitengenezwa na watu ambao hawakuwa na wajibu wa kumwuliza lolote.

Mkanganyiko huu umewapotosha hata wapiga magitaa wazoefu, kwa sababu unahusu mtu mmoja, kampuni tatu, mji mmoja na mkataba mmoja wa mauzo ulioamua nani angekuwa na haki ya kuandika nini juu ya kipande cha mbao. Nina upande katika jambo hili na ni vyema niuseme mapema: naamini kazi ya Leo Fender katika karakana yake ndogo ya mwisho imepuuzwa isivyostahili, na kwamba imepuuzwa kwa sababu ya jina zaidi ya sababu ya sauti.

Leo alizaliwa tarehe 10 Agosti 1909 katika familia ya wakulima wa machungwa, baina ya miji ya Anaheim na Fullerton, kusini mwa California. Akiwa mtoto alipoteza jicho la kushoto kutokana na uvimbe, akaishi na jicho la bandia. Alisomea uhasibu, akafanya kazi hiyo kwa muda, kisha mwaka 1938 akafungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton. Hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Kutokana na duka hilo la redio ndipo zilipozaliwa ala ambazo muziki wa nusu ya pili ya karne ya 20, pamoja na dansi yetu na rumba ya Kongo, ungekuwa na sura nyingine bila aina yake: gitaa la Telecaster, gitaa la besi la Precision lililomwondolea mpiga besi adha ya kubeba lile dubwana la kusimamishwa sakafuni, na Stratocaster ya mwaka 1954. Habari hizo zimesimuliwa mara nyingi, na hapa zinatosha kwa ufupi.

Fundo la kwanza limefungwa mwaka 1965. Miaka kadhaa kabla ya hapo Leo alikuwa akisumbuliwa na maambukizi ya njia za pua yaliyokataa kupona, akaamini kwamba afya yake haitarudi tena. Alimwendea Don Randall, mtu aliyesimamia upande wa mauzo, akamtaka ainunue kampuni yote kwa dola milioni 1.5. Randall hakuwa na fedha hizo, lakini alikuwa na macho ya biashara, na alijua kwamba kilichokuwa kikiuzwa kwa bei hiyo kilikuwa na thamani kubwa zaidi. Akatafuta mnunuzi, na mnunuzi akawa CBS, kampuni kubwa ya utangazaji ya Marekani, iliyolipa dola milioni 13 mwezi Januari 1965. Kwa kulinganisha, mwaka uliotangulia CBS hiyo hiyo ilikuwa imenunua sehemu kubwa ya timu ya besiboli ya New York Yankees kwa takriban dola milioni 11.

Inafaa kutua hapa na kuangalia ni nini hasa kilichouzwa, maana wengi husema kwamba Leo aliuza kiwanda, na hilo ni sehemu ndogo tu ya habari. Jina la mtu linapogeuka kuwa alama ya biashara huwa mali inayoweza kuhamishwa kama kiwanja kinavyohamishwa, na baada ya mauzo mwenye jina hubaki nalo kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye mlango wa nyumba yake, lakini halimiliki tena kwenye bidhaa. CBS ilipata neno Fender, ikapata majina ya ala na mali nyingine za kampuni, pamoja na majengo na mitambo. Zaidi ya hayo Leo alitia saini sharti la kutoshindana nao kibiashara kwa miaka 10, akabaki kwa muda kama mshauri tu. Muda mfupi baada ya mauzo alibadilisha daktari, na ugonjwa aliodhani utammaliza ukatibiwa, ukaisha. Kwa hiyo mtu wa miaka 55, mwenye fedha, mwenye afya iliyorejea na kichwa kilichojaa michoro, alijikuta hana ruhusa ya kufanya kazi pekee aliyoipenda.

Wakati huo CBS iliendesha kampuni kwa hesabu za shirika kubwa. Uzalishaji uliongezwa, na polepole wapiga magitaa walianza kuona kasoro ambazo hawakuzizoea. Forrest White, aliyekuwa msimamizi wa kiwanda tangu enzi za Leo, aliondoka kwa sababu hakukubali kuidhinisha amplifaya za transista ambazo kwa maoni yake hazikustahili jina lililobandikwa juu yake. Ni muhimu kumkumbuka White, kwa kuwa yeye ndiye mlango wa kampuni ya pili.

White alishirikiana na Tom Walker, mtu wa mauzo aliyewahi kufanya kazi Fender, wakaanzisha kampuni mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ilibadilishwa jina mara mbili kabla ya kutulia mwaka 1974 kwenye jina la Music Man. Leo alikuwa mshirika wa kimya aliyetoa fedha, na mwaka 1975, sharti la miaka 10 lilipokwisha, alitangazwa kuwa rais wake. Magitaa yenyewe yalitengenezwa na kampuni yake binafsi, CLF Research, ambayo ilichukua herufi za majina yake, Clarence Leonidas Fender, na ambayo ilikuwa na kiwanda chake mjini Fullerton. Mgawanyo huo, kampuni moja kutengeneza na nyingine kuuza, ulionekana wa busara mwanzoni, na baadaye ndio uliowagombanisha.

Kutoka Music Man ilitokea ala moja ambayo kwangu inatosha kumkanusha yeyote anayesema kwamba Leo alimaliza kubuni mwaka 1965, nayo ni gitaa la besi la StingRay la mwaka 1976. Ili kuelewa kilichobadilika hapo, ni lazima kwanza kuelewa pikapu, kile kisanduku kidogo kilichokaa chini ya nyuzi. Ndani yake mna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unasumbua uga wa sumaku hiyo, na usumbufu huo unazalisha umeme mdogo sana ndani ya waya. Umeme huo ndio unaosafiri kwenye kebo mpaka kwenye amplifaya, na kwa kuwa ni dhaifu, safari yenyewe huudhuru: kebo ikiwa ndefu, sauti nyembamba hupotea njiani na kinachofika ni kizito na butu. Ndani ya StingRay kuliwekwa betri ya volti 9 na saketi ndogo inayoupa umeme huo nguvu kabla haujatoka kwenye gitaa. Mpigaji sasa aliweza kuongeza sauti nzito au nyembamba akiwa na ala yake kifuani, wakati besi za kawaida zilimruhusu kupunguza tu. StingRay haikuwa ya kwanza kabisa kuwa na wazo hilo, lakini ilikuwa miongoni mwa za kwanza kulipeleka kwenye ala iliyotengenezwa kwa wingi na kuuzwa madukani, na sauti yake kavu, yenye kupasua, inasikika hadi leo katika muziki wa aina nyingi ambao wasikilizaji wake hawajawahi kulisikia jina la Music Man.

Ushirikiano ulivunjika mwishoni mwa mwaka 1979. Kulikuwa na malumbano juu ya oda, malipo na ubora wa baadhi ya magitaa, na kila upande ulikuwa na maelezo yake. Sioni faida ya kuwahukumu watu hao leo. Kilicho wazi ni matokeo. Music Man ilidhoofika hadi ilipouzwa mwaka 1984 kwa Ernie Ball, kampuni inayofahamika kwa nyuzi za gitaa, ambayo imeendelea kuitengeneza StingRay. Leo naye, akiwa na miaka 70, alikuwa kwa mara ya pili ameacha nyuma ala yenye mafanikio ambayo faida yake ingekwenda kwa wengine. Mwaka huo wa 1979 mkewe Esther alifariki kwa saratani. Alioa tena mwaka uliofuata, na mke wake wa pili, Phyllis, ndiye atakayekuwa na neno la mwisho katika habari hizi.

Kampuni ya tatu ilikuwa ndogo kuliko zote, na ndiyo inayohusika hasa na makala haya. Leo aliungana na George Fullerton, fundi aliyemwajiri tangu mwaka 1948, ambaye jina lake la ukoo kufanana na la mji ni sadfa tu, pamoja na Dale Hyatt, mwuzaji wa siku nyingi. Waliiita G&L, yaani George na Leo. Kiwanda kilikuwa kilekile cha CLF Research, kwenye mtaa wa Fender Avenue. Mtaa ule umepewa jina kwa heshima yake. Kwa hiyo kila asubuhi mzee huyu alipita kwenye kibao cha barabara chenye jina ambalo hakuruhusiwa kulitumia kama alama ya biashara kwenye gitaa alilokwenda kulitengeneza.

Sasa tuje kwenye gitaa lenyewe, maana hoja yangu yote inasimama au kuanguka hapo. Kuna watu wanaodai kwamba G&L ni Fender ya zamani iliyobadilishwa herufi, na njia bora ya kuwajibu ni kufungua kifuniko na kutazama ndani.

Pikapu za Stratocaster ya mwaka 1954 zilikuwa na vijiti sita vya sumaku iliyotengenezwa kwa aloi ya alumini, nikeli na kobalti, kila uzi na kijiti chake, na waya umezungushwa moja kwa moja kuvizunguka. Sumaku ya aina hiyo ina nguvu ya wastani, na fundi anayetaka sauti kubwa zaidi hulazimika kuongeza mizunguko ya waya. Hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu waya ukizidi, sauti huwa kubwa lakini huanza kuvaa kanzu: ule mng'ao wa juu unafifia. Kwa miongo mingi mafundi waliamini kwamba lazima uchague, ama ukubwa ama uwazi. Leo aliligeuza swali. Aliacha vijiti vya sumaku, akaweka chini ya koili, yaani ule waya uliozungushwa, mwamba mmoja wa sumaku ya kauri, wenye nguvu nyingi, kisha akapitisha katikati ya koili skrubu za chuma laini ambazo huupokea usumaku huo na kuupandisha hadi chini ya nyuzi. Kwa kuwa uga ulikuwa na nguvu, waya ulihitajika mchache, na kwa kuwa waya ulikuwa mchache, mng'ao ulibaki. Tena kila skrubu iliweza kupandishwa au kushushwa kwa ufunguo mdogo, ili uzi uliokuwa ukipiga kelele kuliko wenzake urudishwe kwenye mstari. Pikapu hizo ziliitwa kwa kifupi MFD, yaani Magnetic Field Design. Aliyezisikia kwa mara ya kwanza huwa anashangaa kwamba kitu kinaweza kuwa na nguvu kiasi kile na bado kikasikika kama maji yanayotiririka juu ya mawe.

Kisha kuna mkono wa kutikisia sauti. Kwenye Stratocaster daraja lote, yaani kile kipande cha chuma kinachobeba nyuzi mwilini mwa gitaa, linaegemea skrubu sita zilizopangwa mstari mmoja, na msuguano wa skrubu hizo ni miongoni mwa sababu zinazofanya gitaa lisirudi sawasawa kwenye sauti yake baada ya mkono kukandamizwa. Kwenye G&L daraja linaegemea nguzo mbili tu, kwenye makali membamba, mfano wa mizani ya dukani inavyoegemea ncha yake. Msuguano ukapungua, na mpigaji akaweza kuupandisha uzi na kuushusha bila kuhangaika kukaza upya kati ya wimbo na wimbo. Kwenye magitaa yasiyo na mkono huo, Leo aliweka skrubu moja ndogo ubavuni mwa daraja, inayovibana pamoja vile vipande sita vinavyobeba nyuzi, visitikisike huku na huku na kupoteza nguvu ya mlio. Ni jambo dogo sana. Lakini mtu akishika daraja la Telecaster ya zamani na kuvichezesha vipande vyake kwa kidole, kisha akashika hili, ataelewa mara moja fundi alikuwa akipigana na nini.

Shingo nayo ilichanwa kwa msumeno katikati, kutoka juu hadi chini, ikawa mapande mawili. Ikachimbwa mfereji wa fimbo ya chuma inayozuia kupinda, kisha mapande yakaunganishwa tena kwa gundi. Kazi hiyo ilichukua muda, na kampuni kubwa isingeikubali kwa urahisi.

Pengine ala inayoonyesha vizuri zaidi jinsi Leo alivyofikiri katika miaka ile ni besi ya L-2000 ya mwaka 1980. Ina pikapu mbili kubwa, vitufe vitatu vya kuzungusha, na swichi tatu ndogo. Swichi moja inachagua pikapu. Nyingine inabadilisha namna koili zinavyounganishwa, ama zifuatane ili sauti iwe nene, ama ziwe sambamba ili iwe safi. Ya tatu inaamua kama saketi ya betri itatumika: ikizimwa, gitaa linakuwa la kawaida, ikiwashwa, umeme unapewa nguvu, ikisukumwa hatua nyingine, sauti nyembamba inaongezwa. Kwa hiyo betri ikifa katikati ya onyesho, mpigaji anasogeza swichi moja na kuendelea. Aliyetumikia wateja wa redio kwa miaka mingi anajua kwamba kifaa lazima kiwe na njia ya kuendelea kufanya kazi pale kinapoharibika, na mazoea hayo yameandikwa kwenye L-2000 kwa herufi kubwa. Ni haki pia kusema kwamba swichi nyingi ziliwatisha watu. Mpigaji wa bendi anayebadilisha wimbo ndani ya sekunde tano hataki kukumbuka swichi ipi iko wapi gizani, na hapo naona Leo aliwasikiliza kidogo kuliko alivyowasikiliza wanamuziki wa miaka ya 1950, waliokuja karakanani kwake na malalamiko yao na kuondoka na ala iliyorekebishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alirudi kwenye tatizo la mvumo. Pikapu yenye koili moja hudaka pia mvumo wa nyaya za umeme na taa zilizo karibu, ule mlio wa nyuki unaosikika pindi nyuzi zikinyamaza. Dawa inayojulikana ni kutumia koili mbili zinazopingana, mvumo wa moja ufute wa nyingine, lakini koili mbili zikikaa bega kwa bega chini ya kila uzi hubadilisha sauti. Kwenye gitaa la Comanche, Leo aliigawa pikapu nusu kwa nusu, koili moja chini ya nyuzi tatu na ya pili chini ya tatu nyingine, kila moja imesogezwa kidogo, ikatokea umbo linalofanana na herufi Z. Kila uzi ukabaki na koili moja tu na sauti yake safi, lakini mvumo ukafutwa. Aliwahi kutumia wazo la jamaa hiyo kwenye besi ya Precision mwaka 1957. Miaka 30 baadaye alilikamilisha kwa nyuzi sita.

Kama kazi ilikuwa nzuri hivyo, kwa nini kampuni ilibaki ndogo? Hapa ndipo jina linaporudi, na linarudi kwa ukatili.

Gitaa la Leo la mwaka 1950, lenye pikapu mbili, liliitwa Broadcaster. Mwezi Februari 1951 kampuni ya Gretsch ililalamika kwamba jina hilo linafanana na la ngoma zake, na Leo, ambaye hakutaka kesi, alikubali. Kiwandani kulikuwa na stika zilizokwisha kuchapishwa, na kutupa stika kulikuwa kutupa fedha, kwa hiyo wafanyakazi walichukua kifaa cha kukatia, wakaikata sehemu ya Broadcaster, wakabandika kipande kilichobaki chenye neno Fender peke yake. Kwa miezi kadhaa magitaa yalitoka bila jina la aina, hadi lilipopatikana jina la Telecaster. Sasa tazama kilichotokea mwaka 1985. G&L ilitoa gitaa la umbo lile la awali, na Leo akalirudishia jina lake la ujana, Broadcaster. Safari hii waliopinga walikuwa kampuni ya Fender. Jina likaondolewa tena, na mwaka 1986 gitaa likaitwa ASAT, jina lililodumu nalo. Mtu mmoja amepokonywa jina lilelile mara mbili, mara ya kwanza akiwa na kampuni iliyoitwa kwa jina lake, mara ya pili na kampuni iliyoitwa kwa jina lake. Sheria ilikuwa upande wao, sina shaka, na alama ya biashara isiyolindwa hupotea. Lakini kila nikilifikiria jambo hili huwa najiuliza kama waliotia saini barua ile walilala vizuri usiku wake.

Kikwazo kikubwa zaidi, hata hivyo, hakikuwa cha kisheria. Kufikia miaka ya 1980 wapiga magitaa walikuwa wameshaamini kwamba Fender nzuri ni ile ya kabla ya CBS, na bei za magitaa ya zamani zikawa zinapanda. Mwaka 1982 kampuni ya Fender ilianza kutoa nakala za magitaa yake ya miaka ya 1952, 1957 na 1962. Mwaka 1985 CBS iliiuza kampuni kwa kundi la wafanyakazi wake likiongozwa na Bill Schultz, kwa dola milioni 12.5, pungufu ya ilichotoa miaka 20 kabla, na wamiliki wapya waliingia kazini kwa bidii kurudisha ubora uliopotea. Hiyo ilikuwa habari njema kwa wanamuziki na habari ngumu kwa Fender Avenue. Mteja aliyempenda Leo alikwenda kununua kile Leo alichokifanya akiwa na miaka 45, na mshindani aliyeibana zaidi karakana ya Leo wa miaka 75 alikuwa Leo mwenyewe, wa zamani, aliyetengenezwa na wengine. Aliyaona makosa ya magitaa yale ya mwanzo kuliko mtu yeyote, kwa kuwa alikuwa ameyafanya yeye. Alisema wazi kwamba ala za G&L ndizo bora kuliko zote alizowahi kutengeneza. Watu walimsikiliza kwa adabu, wakaenda kutafuta ya mwaka 1957.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa wa Parkinson, maradhi yanayotetemesha mikono, na kwa mtu ambaye maisha yake yote yalikuwa meza ya kazi, penseli na bisibisi, ni vigumu kufikiria adhabu nyingine nzito kama hiyo. Alipatwa pia na kiharusi zaidi ya mara moja. Hakuacha kwenda kazini. Alifika karakanani hata alipohitaji kusaidiwa, na siku moja kabla ya kufariki alikuwa hapo. Alifariki tarehe 21 Machi 1991, akiwa na miaka 81. George Fullerton alikuwa tayari amekwisha kuuza hisa zake, na hivyo uamuzi ulibaki kwa Phyllis, ambaye mwezi Desemba mwaka huohuo aliikabidhi kampuni kwa BBE Sound, watengenezaji wa vifaa vya kusafisha sauti wa huko huko kusini mwa California, chini ya John McLaren.

Wamiliki wapya walibaki kwenye jengo lile, wakaendelea kutumia pikapu na madaraja ya Leo. Lakini tayari mwaka 1992 walitoa gitaa liitwalo Legacy, lenye sura ya Stratocaster na pikapu zinazofuata mtindo wa zamani, wa vijiti vya sumaku. Siwalaumu, kampuni lazima ilipe mishahara, na Legacy ni gitaa zuri. Ninachosema ni kwamba mara tu fundi alipoondoka, soko lilipata kutoka karakana yake kile alichokataa kulipa kwa zaidi ya miaka 10. Baadaye ikaongezwa safu ya Tribute, iliyotengenezwa barani Asia kwa bei nafuu, ambayo imewawezesha watu wengi wenye kipato cha kawaida kuzishika pikapu za MFD kwa mara ya kwanza.

Kwa anayetaka kununua gitaa la G&L lililotumika, elimu hii ina faida ya moja kwa moja. Lililotengenezwa kati ya mwaka 1980 na mwanzoni mwa 1991 limetoka wakati Leo alikuwa hai kiwandani, na mengi ya miaka hiyo bado huuzwa kwa bei ndogo mno kuliko Fender ya kabla ya CBS. Aangalie pikapu: skrubu zinazoweza kuzungushwa ni dalili ya MFD. Aangalie daraja, kama lile la mkono lina nguzo mbili. Kwenye besi ya L-2000 ajaribu kila swichi na kila kitufe, kwa sababu saketi za betri zenye umri wa miaka 40 huchakaa, na fundi wa redio aliye mtaani anaweza kuzitengeneza kwa urahisi kuliko duka la kifahari. Kisha achomeke kebo, apige uzi mmoja, asubiri uishe.

Ndani ya kiwanda cha Fender Avenue chumba cha Leo kilihifadhiwa baada ya kifo chake. Meza yake iliachwa kama alivyoiacha, na zana zake juu yake.